Uzuri wa Mkakasi



Wapendwa waamini, nanyi nyote mnaofuatilia tafakari hizi kila juma, wahenga wetu walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kikasha kidogo chenye nakshi, cha kupendeza machoni. Unakifungua ukitarajia kito, unakuta mti mtupu. Juma hili nataka niwashirikishe habari ya mkakasi nilioununua mimi mwenyewe. Nawaomba mnivumilie hadi mwisho, kwa sababu sehemu iliyo chungu zaidi ya habari hii si ile ya kudanganywa kwangu.

Kama mjuavyo, parokia yetu ina vigango kadhaa, na kimojawapo kiko mbali, juu milimani, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Waamini wa pale wana paneli moja ya sola inayowasha taa za kanisani na kuchaji simu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 wanafunzi wa Kipaimara wa kigango hicho walikuwa 34. Katekista wao, ambaye sote tunamwita Mwalimu, aliniambia kwamba wengi wao hawajawahi kuona filamu ya mateso ya Bwana wetu. Wanaisikia tu ikisimuliwa na wenzao wa hapa parokiani. Tukakubaliana kutafuta projekta ndogo, ya umeme mdogo, ili filamu hiyo ionyeshwe kanisani wakati wa Kwaresima.

Fedha haikutoka kwa mfadhili. Akina mama wa WAWATA wa kigango kile walichukua vibarua vya palizi ya mahindi kwa siku nne mfululizo mwezi Januari, wakaniletea shilingi 160,000 zilizofungwa katika pindo la kitenge. Nilizihesabu mbele yao. Noti nyingine bado zilikuwa na udongo.

Projekta niliipata katika duka la mtandaoni. Picha yake ilinivutia mno. Familia ya watu watano imeketi katika sebule pana, ni mchana, mapazia yako wazi, na mbele yao ukuta mzima umejaa bahari yenye samaki wa rangi zote, waziwazi kana kwamba dirisha limefunguliwa. Pembeni yameandikwa maneno makubwa ya kusifu: lumeni 6,000, inakubali picha za kiwango cha 1080. Niliitazama picha ile mara nyingi kwa muda wa siku mbili, na kila nilipoitazama niliiondoa ile familia nikawaweka watoto wetu 34. Siku ya tatu nikalipa kwa simu.

Siku za kwanza za Kwaresima nilipigiwa simu na ofisi ya mizigo ya basi. Sanduku nililodhani nitalibeba kwa mikono miwili nililishika kwa mkono mmoja. Ndani yake mlikuwa na kifaa kinachozidi kidogo kipande cha sabuni ya kufulia, chepesi kama kopo tupu. Usiku ule nilizima taa za nyumba ya mapadre, nikakiweka mita tatu kutoka ukutani, nikakiwasha. Kilichotokea ukutani kilikuwa kivuli cha picha. Watu walionekana wakitembea, lakini nyuso zao hazikuwa na macho. Nilipowasha taa ya korido, hata wale watu wakatoweka.

Nilimwandikia muuzaji usiku uleule. Asubuhi alinijibu kwa heshima kubwa kwamba picha ni za mfano tu, na kwamba vipimo vyote vimeandikwa chini ya ukurasa. Nikarudi kusoma. Alisema kweli. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na urefu wa kifaa: sentimita 12.6. Palikuwa pia na idadi ya nukta zinazounda picha yake: 320 kwa 240. Nilipomwandikia kwamba nakubali kukirudisha kwa gharama yangu, hakujibu tena.

Wapendwa, kwa faida ya wale ambao kesho watatamani kununua kitu kama hicho, naeleza kwa kifupi nilivyojifunza baadaye, nikiwa nimechelewa. Picha ya kiwango cha 1080 ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani nukta zaidi ya milioni mbili. Kifaa changu kilikuwa na nukta 76,800 tu, sehemu moja kati ya 27. Neno "inakubali" halikuwa uongo: kifaa huipokea picha kubwa, kisha huisaga mpaka iingie katika uwezo wake mdogo. Vivyo hivyo kuhusu mwanga. Upo utaratibu unaojulikana wa kupima mwanga wa projekta, ambapo mwanga hupimwa mahali tisa juu ya kitambaa cheupe na kutafutiwa wastani. Lakini wauzaji wengi wa vifaa vya bei ndogo huandika namba ya taa iliyo ndani kabla mwanga haujapita kwenye kioo, au namba waipendayo wenyewe. Na ile picha ya samaki haikupigwa sebuleni. Ilibandikwa juu ya ukuta kwa kompyuta.

Mtaona kwamba udanganyifu wa namna hii hauhitaji sentensi hata moja ya uongo ulio wazi. Ukweli uliwekwa mahali pasipotazamwa, na macho yangu yakapelekwa penginepo. Nami nilikubali kupelekwa. Nimesoma falsafa na teolojia miaka mingi seminarini, nimefundishwa kutofautisha kionekanacho na kilichopo, lakini sikusoma mistari sita ya herufi ndogo, kwa sababu sikutaka picha yangu iharibiwe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na aghalabu kibaya hutembea juu ya miguu ya tamaa zetu sisi wenyewe, hata zile tamaa zilizo njema.

Sasa naja kwenye sehemu iliyo chungu.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alinipigia simu. "Tumsifu Yesu Kristo, Padre." Nikaitikia. "Akina mama wanauliza, ule mzigo umeshafika?" Nikajibu: "Bado, Mwalimu. Uko njiani." Wakati nikisema maneno hayo, kifaa kilikuwa katika mtoto wa meza, chini ya kiwiko changu.

Nilijiambia kwamba nawahurumia. Wamelima kwa migongo yao. Nitawaambiaje kwamba jasho lao limekuwa kipande cha mti? Nitatafuta fedha kimyakimya, ninunue projekta nyingine, wasijue kamwe. Mtakatifu Agostino, katika kitabu alichoandika kuhusu uongo karibu mwaka 395, alihesabu aina nane za uongo, kuanzia ule mbaya kuliko yote hadi ule unaosemwa ili kumsaidia mtu, na hakuihalalisha hata moja. Jambo hilo nililifanyia mtihani nikiwa kijana na nikafaulu. Nilipokuwa na simu sikioni sikulikumbuka. Simu ya pili nilisema mvua imeharibu barabara. Simu ya tatu nilisema kuna mambo ya forodha. Angalieni jinsi uongo ule ulivyokua: wa kwanza ulikuwa wa neno moja, wa tatu ulikuwa na ofisi na makarani.

Dominika ya nne ya Kwaresima, tarehe 30 Machi, nilipanda kigangoni kuadhimisha Misa. Nilipoingia kanisani niliona ukuta wa upande wa kushoto umekuwa mweupe pe, ilhali kuta nyingine zilikuwa zilezile za udongo. Sikujua maana yake. Baada ya Misa alinifuata bibi mmoja, mmoja wa wale waliopalilia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Baba, umeuona ukuta? Wajukuu wangu na wenzao wameupaka chokaa, ili picha ionekane vizuri siku hiyo itakapofika."

Ndugu zangu, sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka tu kwamba nilishuka mlima ule nikiwa na neno moja kichwani: kwamba sasa mimi ndiye muuzaji. Yule wa mtandaoni alinionyesha ukuta uliojaa samaki, nami nimewaonyesha watoto mzigo ulio njiani. Yeye alinipokonya shilingi 160,000. Mimi nimewafanya watoto wapake chokaa kwa ajili ya kitu nijuacho kwamba hakipo.

Katika siku zile nilimrudia mzee wetu Yakobo, katika kitabu cha Mwanzo. Tunaijua habari yake, lakini tukiisoma kwa vipande tunapitwa na mnyororo ulio ndani yake. Katika sura ya 27, Rebeka anamvika Yakobo mavazi ya kaka yake na kumfunga ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, ili baba yake asiyeona ampapase na kudhani ni Esau. Hiyo ndiyo picha ya bidhaa: inapendeza mkononi, lakini aliye ndani siye. Katika sura ya 29, Yakobo anafanya kazi miaka saba kwa ajili ya Raheli, na kulipokucha anaona kwamba aliyepewa na Labani ni Lea. Mdanganyifu amedanganywa. Na katika sura ya 37, Yakobo akiwa mzee, wanawe wanachinja mbuzi, wanachovya kanzu ya Yosefu katika damu yake, na kumletea baba yao aitazame na kuamua mwenyewe. Hata wao hawakusema kwamba Yosefu amekufa. Walimwonyesha kitu tu, na macho ya baba yakamaliza kazi.

Kwa ngozi ya mbuzi alimdanganya baba yake. Kwa damu ya mbuzi alidanganywa na wanawe. Udanganyifu hauishii kwa yule aliyetendewa. Unatafuta mkono mwingine wa kuupitisha, na mkono ulio karibu kuliko yote ni wa yule aliyeumizwa, kwa sababu ana aibu ya kuficha. Ni wangapi kati yetu, baada ya kuuziwa simu mbovu, wamewahi kumuuzia jirani simu ileile kwa maneno yaleyale?

Lakini katikati ya mnyororo huo kuna usiku mmoja, sura ya 32, kwenye kivuko cha Yaboki. Yakobo anashindana na yule asiyemjua hadi alfajiri, anaomba baraka, naye anaulizwa jina lake. Mbele ya baba yake, alipoulizwa swali kama hilo, alisema yeye ni Esau. Safari hii anataja jina lake mwenyewe: Yakobo. Hapo ndipo anapopewa jina jipya la Israeli na kubarikiwa. Baraka ya kwanza aliipata kwa kujifanya mwingine, ikamlazimu kukimbia nyumbani. Baraka ya pili aliipata kwa kusema yeye ni nani, akaenda kuonana na kaka yake, akichechemea.

Nilikwenda kuungama kwa padre mwenzangu. Alinisikiliza, akaniondolea dhambi, kisha akanikumbusha jambo ambalo mimi huwakumbusha wengine: kwamba msamaha wa dhambi hauondoi wajibu wa kutengeneza kilichoharibika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha hivyo katika namba 2487, ikisema kwamba kila kosa dhidi ya haki na ukweli linadai malipizi, hata pale ambapo mkosaji amekwisha kusamehewa. Na kosa langu, akasema, halikutendeka chumbani, basi lisitengenezwe chumbani.

Dominika iliyofuata haikuwa zamu ya kigango kile, lakini nilipanda. Kabla ya baraka ya mwisho nilitoa kile kifaa katika mfuko, nikakiweka juu ya kiganja changu wakione, nikawaeleza yote: siku kilipofika, mtoto wa meza, mvua, forodha. Kanisa lilikuwa kimya. Mwalimu alitazama chini. Hatimaye yule bibi akasimama, akasema kwa utaratibu: "Baba, hela tumeisamehe. Msimu ukija tutapalilia tena. Lakini watoto wakituuliza, sisi tuliwaambia, Padre amesema iko njiani. Hilo ndilo limetuuma." Akaketi.

Sikuwa na la kujibu, na nadhani ilikuwa vema nisiwe nalo. Fedha yao niliirudisha kutoka mfukoni mwangu kwa awamu tatu, ya mwisho ikiwa mwezi Juni. Kuhusu neno la Padre, hilo halirudishwi kwa awamu ninazoweza kuzihesabu. Bado ninalilipa.

Filamu watoto waliiona. Juma Kuu Mwalimu alishauri tusikitupe kifaa bali tukitumie kwa kadiri ya uwezo wake. Picha ikipunguzwa upana na urefu kuwa nusu, mwanga wake huongezeka mara nne. Kwa hiyo tuliacha ule ukuta mkubwa, tukaingia sakristia, tukaziba madirisha kwa vitenge, na picha ikawa na upana wa mita moja tu. Watoto waliingia kwa makundi matatu, usiku, wamebanana sakafuni. Macho ya watu yalionekana. Ukuta mweupe ungali upo kanisani, nami kila ninapopanda huutazama kabla ya kuanza Misa.

Wapendwa, kutokana na hayo napenda kuwaachia mambo matatu.

Kwanza, kwa ninyi mnaonunua. Busara si dhambi dhidi ya imani. Someni vipimo kabla ya kutazama picha. Chukueni rula, mwone sentimita 12 ni kiasi gani. Tafuteni picha zilizopigwa na wanunuzi wenyewe, si zile za muuzaji. Pale inapowezekana, lipeni baada ya kukiona kitu. Tunzeni ujumbe na risiti, maana sheria ya ushindani ya mwaka 2003 inakataza kuwapotosha wateja, na iko Tume ya Ushindani inayopokea malalamiko. Kudai haki yako kwa upole ni kumsaidia hata yule atakayenunua baada yako.

Pili, kwa ninyi mnaouza. Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea wafanyabiashara waliongoja kwa hamu sabato ipite ili wapunguze kipimo na kupotosha mizani. Namba 2409 ya Katekisimu inautaja udanganyifu katika biashara miongoni mwa matendo yanayovunja amri ya saba, hata pale ambapo sheria za nchi hazikuvunjwa. Mizani ya leo ina sura nyingi. Ni lumbesa, ambapo mkulima hulipwa gunia moja na kutoa zaidi ya gunia. Ni ndoo ya nyanya iliyopangwa nzuri juu na mbovu chini. Ni picha ya gauni ulilolitoa kwenye ukurasa wa mtu mwingine, huku ukijua fundi wako hawezi kulishona. Mteja aliyekuamini amekukabidhi macho yake. Usimpeleke mahali ambapo usingependa kupelekwa.

Tatu, kwa sisi sote, nami nikiwa wa kwanza. Tujiulize juma hili: ni kitu gani nilichokificha katika mtoto wa meza, huku nikiwaambia watu kiko njiani? Labda ni mkopo ambao mke au mume hajui. Labda ni matokeo ya mtihani. Labda ni ugonjwa, au kazi iliyokwisha kupotea miezi miwili iliyopita huku nikiendelea kuvaa na kutoka kila asubuhi. Nyuma ya kila "bado" ya namna hiyo kuna mtu mahali fulani anayepaka ukuta chokaa. Tumwendee kabla hajamaliza ndoo. Atatulaumu, na lawama yake itakuwa ya haki, lakini tutakuwa tumetaja jina letu wenyewe, kama Yakobo kwenye kivuko.

Mwenyezi Mungu, anayetuona tulivyo na bado anatupenda, atujalie ujasiri wa kuwa wakweli mbele yake na mbele ya wenzetu. Nawatakieni nyote juma jema na lenye baraka. Mniombee, nami nawaombea.

Amina.